Natembea kila siku nisiyo na safari ila mizani haisogei. Sukari inasaidika kweli?

Dereva_NjiaYaKati (Dar es Salaam)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni dereva wa basi la mikoani, njia ya Dar na Mwanza, umri miaka 46. Mwezi wa pili tulipimwa afya kazini, sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.6. Nikaenda hospitali wakanitoa damu ya kupima HbA1c, ile inayoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, jibu likaja asilimia 6.2. Presha 142 kwa 90, kiuno sentimita 104, uzito kilo 94. Daktari akasema kisukari bado, ila niko mlangoni. Hakunipa dawa. Alisema nifanye mazoezi, nipunguze wanga na soda, nirudi mwezi wa sita.

Soda nimeacha. Siku nisizo na safari naamka mapema natembea kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara Mwisho hadi Temboni na kurudi, mwendo wa haraka mpaka fulana inalowa. Siku za safari sina nafasi. Tunatoka stendi ya Mbezi alfajiri, kufika Nyegezi ni usiku, halafu tunageuza. Tuko madereva wawili tunapokezana, lakini hata zamu isiyo yangu nimekaa tu.

Sasa ni mwezi wa tano na mizani inasoma kilo 92 na nusu. Jasho lote lile kwa kilo moja na nusu. Kilichonivuruga zaidi, wiki iliyopita vijana wa mchakamchaka mtaani kwetu walinivuta tukakimbia kwa nguvu kwenye vilima vya Kimara. Kabla ya kutoka nilipima nikakuta 6.3. Niliporudi, kabla hata sijanywa maji, nikakuta 8.4. Yaani mazoezi yamepandisha sukari.

Naomba mwenye ujuzi anieleze. Kama uzito haushuki, mazoezi haya yananisaidia kitu au najichosha bure? Na hii kazi ya kukaa kutwa kwenye usukani, inafuta ninachofanya asubuhi? Marehemu baba alikuwa na kisukari, alikatwa mguu kabla ya kufariki. Sitaki kufika huko.

---

Mwalimu_Vyuma_Moro

Pole mkuu, na hongera kwa kuanza. Mimi nafundisha mazoezi kwenye jimu ndogo hapa Morogoro. Kutembea ni kuzuri, ila kuna nusu nyingine ya kazi hujaigusa. Misuli ya mapaja na mgongo ikipata nguvu, sukari inapata pa kwenda. Siku mbili tatu kwa wiki ongeza kuchuchumaa na kuinuka, pushapu hata za ukutani, na kunyanyua kitu. Jimu si lazima, dumu la maji la lita 10 linatosha kuanzia.

Kuhusu kilo, angalia sahani. Sinia la wali haliondoki kwa matembezi ya saa moja.

Hilo la sukari kupanda baada ya kukimbia nimeliona kwa wanafunzi wangu pia. Wataalamu waje watueleze.

---

Mama_Nesi_Tanga

Dereva mwanangu, nimekuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Tanga mpaka nikastaafu, na hakuna swali nililoulizwa na watu wengi kama hili lako. Mtu anatembea, anatoka jasho, anapanda mizani, anakuta kilo zile zile. Anakata tamaa anaacha. Hao walioacha ndio walioniuma sana, maana ndani mwili ulikuwa umeshaanza kujirekebisha na wao hawakuambiwa. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Anza na misuli. Sukari ya chakula ikishaingia kwenye damu lazima ipate pa kwenda, na ghala lake kubwa ni misuli. Misuli ya mtu mzima inaweza kuweka akiba ya gramu 400 hivi, wakati ini linaweka kama gramu 100 tu. Ndani ya chembe za misuli kuna protini za kubeba sukari zinazoitwa GLUT4. Ukiwa umekaa, zimejificha ndani. Insulini kutoka kwenye kongosho ikifika, zinapanda juu ya ukuta wa chembe na kuvuta sukari iingie. Mtu wa hali yako insulini anayo, pengine hata nyingi kuliko ya mwenzako mzima, ila chembe zimekuwa sugu, haziitikii vizuri. Sasa sikiliza vizuri hapa: msuli unapojikunja na kukunjuka, GLUT4 zinapanda zenyewe, kwa njia nyingine isiyoisubiri insulini. Hata usugu uwe mkubwa kiasi gani, mguu unaotembea unavuta sukari. Kazi hiyo haisubiri kilo zishuke kwanza. Inaanza asubuhi ile ile unapovuka Kimara Mwisho.

Ukimaliza kutembea, misuli inabaki na njaa ya kurudisha akiba yake, na inaiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hivi, kwa wengine hadi 72. Baada ya hapo mwili unarudi ulikokuwa. Ndiyo maana miongozo ya kisukari inasema usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Ukiitazama ratiba yako kwa jicho hilo utaona tatizo lilipo. Matembezi ya Kimara ni mazuri, ila ukienda Mwanza na kurudi bila kunyoosha mguu, unafika Dar faida yote imeshaisha, unaanza upya. Kwako mimi naihofia safari kuliko mizani.

Sasa hizo kilo. Ushahidi mmoja mzuri wa kwa nini hazisogei umetoka hapa hapa nchini. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi. Hawa ni watu ambao wanaume hutembea porini kutwa kuwinda na kutafuta asali, na wanawake huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Walipimwa nishati wanayotumia kwa siku kwa kunyweshwa maji yenye alama maalumu ambayo hufuatiliwa kwenye mkojo. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia nishati nyingi kuliko Wamarekani wa kawaida. Mwili ukizoea shughuli hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo Mwalimu wa Moro amesema kweli, kilo huteremshwa na sahani kuliko viatu. Lakini Wahadzabe hao hao, walipopimwa moyo na damu, presha zao zilikuwa za chini na mafuta ya damu mazuri hata kwa wazee. Faida ya kutembea wanaipata, ila haisomeki kwenye mizani.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa mabasi, hili ulijue, maana lilianzia kwa watu wa kazi yako. Miaka ya mwisho ya 1940 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alianza kufuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile. Dereva na kondakta walitoka mitaa ile ile, walilipwa na mwajiri yule yule, walikuwa ndani ya basi lile lile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa karibu zamu nzima, na kondakta alipanda ngazi za basi kati ya 500 na 750 kwa siku akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, wachache zaidi walikufa ghafla. Baadaye akaenda kuangalia vipimo vya sare zao. Suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, kama mtu angetegemea. Lakini tofauti ya ugonjwa haikuishia kwenye kiuno. Kondakta mwembamba alikuwa na nafuu kuliko dereva mwembamba, na kondakta mnene kuliko dereva mnene. Morris mwenyewe aliendelea na mazoezi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Unaona ninapoelekea. Utingo wako anayeshuka kila stendi kufungua buti na kupandisha mizigo anapata kitu ambacho wewe kwenye kiti hukipati.

Kwa watu waliosimama mlangoni kama ulivyoambiwa, ushahidi ni mkubwa. Huko Da Qing, China, walianza mwaka 1986 na watu 577 ambao sukari imepanda ila haijawa kisukari. Baada ya miaka 6, kundi la mazoezi peke yake lilikuwa limepunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 46 ukilinganisha na walioachwa hivi hivi. Waliendelea kufuatiliwa kwa miaka 30. Waliobadili mwenendo walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4, na vifo vya moyo na mishipa vikawa vichache kwao. Marekani nako, mwaka 2002, katika watu 3,234, waliopewa mpango wa dakika 150 za mazoezi kwa wiki pamoja na kupunguza chakula na uzito, hatari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini, kidonge cha kushusha sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Dawa ni nzuri na akiandikiwa mtu aimeze. Nakwambia hivi ujue kwamba ulichopewa na daktari wako ni tiba kamili, wala hakukupuuza kwa kutokuandikia vidonge.

Ile 8.4 isikutishe. Ukikimbia kwa nguvu ghafla, mwili unatoa adrenalini, nayo inaliamuru ini limwage sukari haraka ili misuli isikose. Kwa muda ini linatoa kuliko misuli inavyovuta. Ungepima tena baada ya saa moja na nusu hivi ungekuta imeteremka. Kutembea kwa haraka hakufanyi hivyo mara nyingi, kunashusha pale pale.

Sasa safarini. Najua huwezi kusimamisha basi la abiria katikati ya pori ili utembee. Lakini mnasimama Dodoma, Singida, watu wanakula. Hapo ndipo pako. Sukari hupanda zaidi baada ya kula, kwa hiyo dakika 10 hadi 15 za kutembea mara tu baada ya chakula zinafanya kazi kubwa kuliko muda huo huo ukiutumia ukiwa na njaa. Kula kwanza, kidogo, kisha zunguka stendi mpaka honi ilie. Usirudi kukaa kwenye kiti kusubiri abiria. Mkifika Nyegezi, kabla ya kulala, tembea tena. Na zamu ikiwa ya mwenzako, ukiwa umekaa, weka nyayo chini uwe unainua visigino na kuvishusha, polepole, kwa muda mrefu. Watafiti wa Houston mwaka 2022 walionesha kwamba msuli ule mdogo wa kigimbi, nyuma ya mguu chini ya goti, ukifanya kazi namna hiyo huku mtu amekaa, sukari baada ya kunywa glukosi ilipanda kwa karibu nusu tu ya kawaida. Ilikuwa maabara, watu wachache, na walielekezwa kwa vifaa, usitarajie ufikie kiwango chao. Lakini ni bora kuliko kukaa kama gunia.

Wewe unayeendesha kwa wakati huo, usijaribu chochote miguuni. Macho barabarani.

---

Dereva_NjiaYaKati

Shikamoo mama. Nimeisoma mara mbili, na mwenzangu wa zamu nimemsomea kwa sauti tukiwa Nyegezi.

Swali moja: kama mizani siyo kipimo, nitajuaje kwamba ninakwenda vizuri kabla ya mwezi wa sita? Mashine ya kupimia ninayo, ila vijiti vyake ni ghali, siwezi kupima hovyo.

---

Mama_Nesi_Tanga

Marahaba mwanangu.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno asubuhi kabla ya kula, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanaume lengo ni chini ya sentimita 94, kwa mwanamke chini ya 80. Mafuta mabaya ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na kujaa kwenye ini, na mazoezi huyapunguza hata kilo zikibaki vile vile. Tangu mwezi wa pili mkanda wako umesogea?

Vijiti vyako vitumie kwa akili. Usipime kila asubuhi. Sukari ya alfajiri ni ya ini, na ini lina ukaidi, huwa la mwisho kutii. Chagua mlo mmoja unaoula mara kwa mara safarini. Siku moja ule ukae kama kawaida, upime saa moja na nusu baadaye. Safari nyingine ule kiasi kile kile, utembee, upime wakati ule ule. Vijiti viwili tu, utajionea mwenyewe.

Presha pia ipime, kwenye duka la dawa au zahanati, ukiwa umekaa dakika 5 kimya. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya kutembea yakishazoeleka huishusha ile namba ya juu kwa 5 hadi 8 hivi. Kwako wewe, 142 ikifika 135 ni jambo kubwa.

---

Bi_Ng'ambo (Unguja)

Asalaam alaykum. Samahani naingilia mada ya kaka dereva, ila naona hapa pana mtu wa kunisaidia. Mama yangu ana miaka 67, kisukari anacho muda, anatumia metfomini na glibenklamaidi. Mjukuu wake wa skuli ya udaktari kamwambia atembee, basi naye bidii imemshika. Kila baada ya sala ya alfajiri anatoka Ng'ambo mpaka Maisara na kurudi, hajatia kitu mdomoni ila dawa zake kashameza. Juzi kanirudia anatetemeka, jasho linamtoka la baridi, maneno hayaeleweki. Nikampa chai ya sukari akazindukana. Sasa ndugu zangu wanasema mazoezi hayamfai, akae ndani. Mimi nasitasita, maana tangu aanze kutembea sukari yake imekuwa nzuri na magoti hayamuumi kama zamani.

---

Mama_Nesi_Tanga

Wa alaykumu salaam, bibi yangu. Umefanya vyema sana kumpa chai yenye sukari. Ungesubiri kumkimbiza hospitali kwanza mambo yangeweza kuwa mengine.

Asikae ndani. Lililomwangusha si kutembea, ni mpangilio wa dawa na chakula. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi inailazimisha kongosho kutoa insulini, iwe amekula au hajala, na inakaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo zilizochoka. Hapo ukiongeza misuli inayovuta sukari kwa upande wake, na tumbo tupu, sukari inaporomoka. Wenye kuchoma insulini nao wako kwenye hatari hii hii.

Rudini kwa daktari wake wiki hii, si mwezi ujao. Mwambieni yote uliyoandika hapa, saa anazomeza dawa na saa anazotembea. Huenda akapunguza kipimo au akambadilishia dawa. Msimpunguzie wenyewe nyumbani.

Mpaka hapo asitembee na tumbo tupu. Anywe chai, ale kipande cha mkate au muhogo, ndipo atoke, na akipenda ahamishie matembezi baada ya chakula cha mchana au cha usiku. Kama mnayo mashine, apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Atembee na mtu, na mfukoni awe na sukari au tende. Dalili zikianza, au kipimo kikiwa chini ya 3.9, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, mngoje dakika 15, mpime tena, mrudie kama haijapanda, kisha ale chakula. Akiwa hawezi kumeza msimtie kitu kinywani, mkimbizeni.

Miguu yake mnaikagua? Avae viatu vya raba vya kumtosha na soksi, si kandambili. Kila akirudi mtazame nyayo na katikati ya vidole. Kisukari cha muda mrefu huua hisia, mtu hupata kidonda bila kujua. Kama macho hayajapimwa mwaka huu, yapimwe kabla hajaanza mazoezi ya kunyanyua vizito.

---

Bi_Ng'ambo

Ahsante sana, Mungu akulipe. Tumeshapata miadi Jumatano. Na Ramadhani je? Mwaka huu alifunga siku nyingi, na tarawehe zote kasali msikitini.

---

Mama_Nesi_Tanga

Kufunga kwake liwe jambo la kukaa na daktari mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, maana kwa dawa hizo lazima saa na vipimo vibadilike. Tarawehe zihesabuni kuwa mazoezi yake ya usiku, kwa kuwa ni kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka mara nyingi baada ya futari. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inasema hivyo pia. Asichopaswa kufanya ni kutembea sana alasiri kuelekea magharibi, saa ambazo tumbo limekaa tupu kutwa.

---

Mwalimu_Vyuma_Moro

Mama nimejifunza kitu kwenye hilo la ini na adrenalini, nitawaeleza wanafunzi wangu kesho. Naomba uniambie kama nawaelekeza vizuri: wenye sukari nawapa siku tatu za kutembea haraka na siku mbili za nguvu.

---

Mama_Nesi_Tanga

Vizuri kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kati, na misuli ifanyiwe kazi angalau siku mbili. Kwa wenye kisukari, utafiti uliofanyika Louisiana na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha kutembea peke yake, vyuma peke yake, na mchanganyiko. Waliochanganya ndio HbA1c yao ilishuka kwa kiasi cha maana. Ila wasipitishe siku mbili mfululizo wamekaa, hilo walishike. Mwendo wa kati wapimie kwa mdomo: aweze kuongea, asiweze kuimba. Na wafundishe kutoa pumzi wanaponyanyua, wasiizuie, presha hupanda sana mtu akizuia pumzi. Mwenye maumivu ya kifua asimalizie zoezi, aende hospitali.

---

Dereva_NjiaYaKati

Mama nimerudi na majibu. Nilichagua Singida, wali na kuku, sahani moja, mama ntilie yule yule. Safari ya kwanza nilikula nikakaa kama kawaida, saa moja na nusu baadaye 10.1. Safari iliyofuata nilikula kiasi kile kile, nikazunguka stendi mpaka abiria wakaanza kuniuliza kama basi limeharibika. Kipimo 7.9. Chakula kile kile! Mwenzangu wa zamu aliona mashine kwa macho yake, na safari hii tulizunguka wote wawili.

Mkanda umesogea tundu moja na nusu, sikuwa nimeuangalia. Kiuno leo ni 99. Presha nimepima duka la dawa pale Kimara, 136 kwa 86.

Mwalimu, tukipita Msamvu nitakutafuta unioneshe kuchuchumaa sawasawa, goti la kulia linalia.

---

Mwalimu_Vyuma_Moro

Karibu sana mkuu. Kwa goti hilo tutaanza na kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika mkono, usishuke chini kabisa kwanza. Nitumie ujumbe mkitoka Chalinze.

---

Mama_Nesi_Tanga

Sentimita tano kiunoni kwa kilo moja na nusu! Hapo ndipo mazoezi yako yalipokuwa yakienda wakati wote uliokuwa unaitazama mizani, kwenye mafuta ya ndani ya tumbo.

Mwezi wa sita mwombe daktari aangalie na mafuta ya damu, hasa trigliseridi, ukiwa hujala tangu usiku. Hizo huitikia mazoezi vizuri na pengine hazikupimwa mara ya kwanza. HbA1c usitegemee miujiza, ikitoka 6.2 ikaja 5.9 ni ushindi, na hata ikibaki pale pale baada ya miezi michache usiache. Mazoezi yakiachwa, mwili hausubiri mwezi kuisahau kazi, unaanza kurudi nyuma ndani ya siku chache.

---

Dereva_NjiaYaKati

Nimekuelewa mama. Miadi yangu ni wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, nitaweka majibu yote hapa. Kesho alfajiri tunaondoka, raba zangu ziko ndani ya basi.